Eda Imekwisha, Kliniki Bado

Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Kwetu Tanga hilo halibishaniwi. Siku ikitimia anatolewa eda, anabadili nguo, wanawake wa ukoo wanakusanyika, dua inasomwa, na kesho yake anaweza kwenda sokoni kama mtu mwingine yeyote. Kabla ya hapo kumekuwa na matanga, kumekuwa na hitima, na kwa wengi kumekuwa na arobaini. Majirani zetu Wakristo nao wana arobaini yao, na ibada ya kumbukumbu mwaka unapotimia. Huzuni imepangiwa siku zake na watu wa kuzisimamia siku hizo, na utaratibu huo umewabeba watu vizazi kwa vizazi. Mimi pia ulinibeba. Sitausema vibaya hata siku moja.

Ila nilipotoka eda, nyumba ilirudi kwenye kawaida yake na mimi sikurudi. Usingizi ulikuwa unakatika saa nane za usiku na haushiki tena mpaka adhana ya alfajiri. Nikisimama darasani sentensi inaniponyoka katikati, wanafunzi wananitazama tu. Kabati la nguo za marehemu lilikaa limefungwa, na ufunguo niliuweka mahali ambapo macho yangu hayafiki. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipa namba ya mwanasaikolojia mmoja pale mjini, mama wa makamo, nikaanza kumwona kila Alhamisi baada ya vipindi.

Miezi ikaenda. Siku moja wifi yangu, ambaye wakati wa matanga ndiye aliyekuwa akininywesha uji, akaniuliza: "Wifi, huko unakokwenda, utakwenda mpaka lini?"

Ni swali la haki. Wanaouliza ni watu wanaotupenda na wanaoona pesa inavyotoka, na sisi wenyewe tunajiuliza kimoyomoyo tukiwa tumekaa kwenye benchi tunasubiri kuitwa. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na ninayo ya kusema.

Nadhani ugumu wake unaanzia pale tulipoufahamu ushauri nasaha kwa mara ya kwanza. Kwa Watanzania wengi wa rika langu, maneno hayo yalikuja na UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya Angaza vilipoanza kuenea, mtu alikwenda kupima, akakaa na mshauri kabla ya kutolewa damu, akakaa naye tena wakati wa kupokea majibu, yakaisha. Kazi ile iliokoa maisha ya watu na heshima zao. Lakini ilituachia picha kwamba mshauri ni mtu wa kuonana naye mara moja au mbili, akakupa maneno ya busara, ukaondoka. Upande wa pili ipo Mirembe. Hospitali hiyo ya akili ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na mtaani mtu akisema fulani kapelekwa Mirembe anamaanisha kwamba fulani hatarudi kuwa yule tuliyemjua. Wakenya wanaitaja Mathari ya Nairobi kwa sauti ileile. Hospitali hizo hazikustahili kusemwa hivyo, maana waliotibiwa humo wakarudi kwenye kazi na familia zao ni wengi, tena wengine tunakaa nao ofisini bila kujua. Lakini ndivyo tulivyorithi. Kati ya mara mbili za Angaza na maisha mazima ya Mirembe hatuna kitu cha katikati. Mtu anayekwenda kwa mtaalamu miezi sita au mwaka, huku anafundisha, anapika, analea na kulipa ada za shule, hatujui tumweke wapi.

Wataalamu nao hawakuanza na jibu. Sigmund Freud, miaka miwili kabla ya kufa kwake, mwaka 1937, aliandika makala nzima akijiuliza kama tiba hii ina mwisho. Humo alimkumbuka kijana mmoja Mrusi, mtoto wa tajiri, aliyekuja kwake Vienna akiwa hawezi kujifanyia karibu lolote. Baada ya miaka kadhaa kijana alipata nafuu kiasi, akastarehe hapohapo, na tiba ikasimama. Freud akamtangazia kwamba mwaka ule ndio wa mwisho, iwe amepona au hajapona. Tarehe ile ilimwamsha mgonjwa, mambo yaliyokuwa yamekwama yakatoka, na mwaka 1914 akaondoka akionekana mzima. Baadaye alirudi. Alitibiwa tena na Freud, kisha na watu wengine, kwa vipindi, mpaka uzeeni. Mimi naisoma habari hiyo hivi: tarehe ya mwisho inaweza kumsukuma mtu, lakini haimponyi kwa kuwa tarehe tu.

Waliokuja baadaye walijaribu kuhesabu. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Kenneth Howard, na wenzake walichapisha hesabu zilizokusanywa kwa miaka mingi, wakaonyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na nafuu inayopimika ifikapo kikao cha nane, na robo tatu ifikapo kikao cha 26. Mwenye haraka atasoma nane tu. Lakini nusu nyingine kwenye kikao cha nane ilikuwa bado, na hao ni watu, wana majina na watoto. Miaka ishirini baadaye, kule Uingereza, Michael Barkham na wenzake waliangalia takwimu za kliniki za kawaida wakakuta kwamba waliohudhuria mara nyingi hawakuwa wamepona kuliko waliohudhuria mara chache. Maelezo yao ni kwamba kila mmoja alikuwa ameondoka alipoona panamtosha. Hilo liliniondolea aibu kubwa. Anayekwenda mara nyingi si mdhaifu kuliko aliyekwenda mara tano. Alikuwa na safari yake.

Kuhusu huzuni ya kufiwa, vitabu vikubwa vya tiba vyenyewe haviko pamoja. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika mwaka 2022, unataja majonzi yaliyopitiliza kuanzia miezi sita baada ya msiba, tena unasisitiza kupima kwanza desturi za jamii ya mfiwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliorekebishwa mwaka huohuo, unataka mwaka mzima upite kwa mtu mzima. Miezi sita au mwaka, hao ni mabingwa wanaotofautiana. Basi wifi yangu, ambaye hesabu yake ilikuwa miezi minne na siku kumi, hakuwa amekosea kwa kiasi cha kuchekwa.

Lakini yaliyonifundisha zaidi ya yote nimeyapata karibu na kwetu. Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Walifunzwa kusikiliza na kumwongoza mtu mpaka atatue tatizo lake moja la maisha, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Vikao ni sita. Matokeo ya utafiti wao uliohusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachonigusa ni kile kinachofuata baada ya vikao: mtu anakaribishwa kwenye kikundi cha wenzake waliopitia benchi, wanakaa pamoja, wanashona mikoba kwa nyuzi za plastiki iliyotupwa, wanazungumza. Anaondoka kwa bibi na kuingia kwa watu.

Nairobi, wanawake waliofanyiwa ukatili walipewa vikao vitano vya dakika tisini na wahudumu wa afya wa mtaani, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba viliwasaidia. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, wanawake waliobakwa wakati wa vita walipata kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi, vita vikiwa bado vinaendelea kuwazunguka, na waliopata tiba hiyo walipona kuliko wenzao, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Moshi na Bungoma, watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walikutana katika vikundi kwa wiki 12, na walezi wao wakawa na vikao vyao pembeni, katika mradi ulioitwa Pamoja Tunaweza. Waliowahudumia hawakuwa wanasaikolojia wa chuo kikuu, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa vizuri.

Idadi zinatofautiana, na mimi siziabudu. Ninachokiona kimoja katika zote ni kwamba mwisho ulisemwa tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa Kivu alijua amekuja kwa ajili ya nini na itaisha lini. Eda yetu nayo ndivyo ilivyo. Kinachotuchosha huko kliniki, na kinachowatia hofu ndugu zetu nyumbani, ni kuingia kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitajia mlango wa kutokea.

Mtaalamu wangu alifanya jambo moja ambalo nitalishukuru mpaka mwisho. Siku ya kwanza, nilipokuwa nimelia mpaka leso imelowa, alisubiri, kisha akaniuliza: "Mama, ukipona, mimi na wewe tutajuaje?" Sikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nataka kulala. Nataka kufundisha kipindi kizima bila kupotea. Nataka kufungua kabati. Akaandika yote matatu kwenye karatasi akaiweka ndani ya jalada langu. Sikumwambia nataka nisahau, wala nataka nisilie, na yeye hakuniahidi hayo. Leo nikisikia mtu anasema ataacha kliniki siku atakapokuwa hana huzuni tena, namwonea huruma, kwa sababu amejiwekea siku isiyokuwepo. Aliyependa atalia, hata baada ya miaka thelathini, akisikia wimbo fulani redioni au akinusa udi wa aina fulani. Tiba haikuletwa ili kulizuia hilo.

Swali la wifi sikulijibu pale sebuleni. Nililibeba Alhamisi iliyofuata nikampelekea mtaalamu. Akaitoa karatasi. Usingizi ulikuwa umerudi, si wote, lakini wa kutosha kumwamsha mtu na nguvu. Darasani nilikuwa sawa. Kabati bado. Halafu akaniuliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi: mbali na yeye, naongea na nani? Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuweka kila kitu akiba ya Alhamisi. Mtoto akiniudhi, nasubiri Alhamisi. Nikimkumbuka marehemu mezani, nameza, nasubiri Alhamisi. Dada yangu akipiga simu namwambia mimi mzima. Chumba kile cha kliniki kilikuwa kimenisaidia kusema, na sasa kilikuwa mahali pekee ninapoweza kusema.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali lote. Miadi inafaa kuendelea maadamu yanayosemwa mle ndani yanatoka nje na kuingia katika maisha ya mtu: nyumbani, kazini, kwa ndugu, katika ibada yake. Yakianza kuishia mle, wakati wa kupunguza umefika, hata kama mtu anajisikia vizuri kila anapotoka. Hasa akijisikia vizuri. Mtaalamu mwaminifu ataliona hilo na kulisema, ingawa kulisema kunampunguzia kipato. Asiyelisema, akaendelea kumwandikia mtu miadi wiki baada ya wiki bila kumweleza wanakokwenda, anakula pesa ya mgonjwa, na nalisema hivyo bila kumung'unya maneno.

Mimi na mtaalamu wangu tukakubaliana nije kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Katika nafasi ile iliyopatikana nikaanza kumweleza wifi mambo niliyokuwa namweleza mtaalamu. Alilia kuliko mimi. Kumbe na yeye alikuwa amefiwa na kaka yake, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa matanga yalikuwa ya mjane na watoto. Kabati tulilifungua sote wawili siku ya Jumamosi. Kanzu na kofia tukazipeleka madrasa, mashati akachukua mdogo wake marehemu, na shuka moja tukagawana. Siku hiyo hapakuwa na mwanasaikolojia, na sikumhitaji.

Tatizo la kukaa kupita kiasi, hata hivyo, ni la wachache. Kwetu watu wengi wanaondoka mapema mno, tena bila kuaga. Kikao cha kwanza mtu analia, anatua mzigo aliokuwa nao miaka kumi, anatoka mwepesi, anadhani amepona. Kikao cha tatu au cha nne mambo yanakuwa mazito, kwa kuwa sasa yanaguswa yale aliyokuwa ameyafukia, naye anarudi nyumbani na maumivu kuliko alivyokwenda. Hapo anazima simu. Namwelewa kabisa. Lakini kikao kile kilichouma ndicho kilichokuwa kinakaribia penyewe, na ningemsihi aende mara moja zaidi, hata kama ni kwa ajili ya kusema tu: daktari, wiki iliyopita niliumia, naogopa kuendelea. Maneno hayo tu yanatosha kufungua kikao kizima.

Wengine wanakwamishwa na nauli. Chibanda ameeleza mara nyingi kwamba benchi zake zilitokana na msiba wa msichana aliyekuwa mgonjwa wake: alijiua, na familia yake ikamwambia kwamba hawakumleta hospitali kwa sababu hawakuwa na pesa ya basi. Naisimulia kwa kila anayepanga huduma za afya ninayekutana naye. Hapa kwetu wataalamu ni wachache na wamejaa mijini, na kikao cha binafsi kinauma mfukoni. Mtu aliyekosa nauli hajakata tamaa na tiba, amekosa nauli, na angeweza kumaliza vikao vyake kwa simu au kwa mhudumu aliyefunzwa kijijini kwake kama tungejali kupanga hivyo.

Wapo pia ambao swali la mpaka lini halifai kuwekwa mbele yao. Mwenye ugonjwa wa skizofrenia, mwenye hisia zinazopanda na kushuka kwa nguvu, aliyeharibiwa utotoni na mtu wa nyumbani mwao, huyo anaweza kuhitaji kliniki miaka mingi, pengine maisha yote, kama mwenye kisukari anavyohitaji kliniki yake. Kila anayemuuliza ataacha lini anamsogeza karibu na kuacha dawa. Tumwache aende, na ikiwezekana tumsindikize.

Na yupo ambaye anapaswa kuacha leo, bila kikao cha kuagana. Mshauri anayesimulia siri za wateja wake, anayemgusa mteja, anayemtaka kimapenzi, anayemlazimisha mwanamke arudi kwa mume anayempiga, anayemhubiria badala ya kumsikiliza, huyo hastahili hata simu. Ondoka, mripoti, tafuta mwingine. Ubaya wa mmoja usikufungie mlango wa wote.

Kikao changu cha mwisho hatukuzungumzia sana yaliyopita. Tulizungumzia siku zinazokuja: Ramadhani ya kwanza bila mume wangu mezani, hitima ya mwaka, siku mwanangu atakapoozwa na kiti cha baba kitakuwa tupu. Kila siku tuliitajia mtu atakayekuwa karibu nami. Akaniambia nikihitaji kurudi nirudi, na kurudi hakumaanishi kwamba tulishindwa. Nimewahi kurudi, kwa muda mfupi, mama yangu alipougua. Tulijua tunatafuta nini, tukakipata, nikaaga.

Ndugu msomaji, kama kuna mtaalamu unayemwona, kikao kijacho muulize mnatafuta nini na mtajuaje mmekipata. Ukitaka kuacha, nenda ukamwambie ana kwa ana. Ukikosa nauli, piga simu useme hivyohivyo umekosa nauli. Na kama anayekwenda ni mke wako, kaka yako au mtoto wako, usimhesabie miezi. Muulize siku hizi analala vipi, kisha kaa umsikilize.